FAIDA IPO, HELA HAIPO

Nimekuwa kimya kidogo, majukumu yalinizidi. Leo nataka tuzungumze habari za mahesabu. Usikimbie kwanza! Hata mimi hesabu zilinitoa jasho shuleni, na niliingia kwenye uandishi wa habari nikiamini nimezikwepa moja kwa moja. Kumbe zilikuwa zinanisubiri mbele ya safari.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwandishi kwenye gazeti moja hapa Dar, jina nalihifadhi. Mwezi mmoja mshahara ukachelewa wiki moja. Mwezi uliofuata ukachelewa wiki tatu. Wa tatu haukuja kabisa. Kilichotuchanganya ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo tuliitwa mkutanoni, tukaambiwa kampuni imepata faida, tukapiga makofi na soda tukanywa. Sasa hiyo faida imekwenda wapi? Kijiweni kila mtu alikuwa na jibu lake, na majibu mengi yalihusu gari jipya la bosi.

Mimi nikaenda kumwona mhasibu wetu, mzee mmoja mpole ambaye kila kijana alimwita "mwanangu".

"Shikamoo mzee. Mshahara vipi?"

"Marahaba." Akavua miwani. "Mwanangu, faida ipo. Hela haipo."

Nikadhani ananifanyia mzaha. Akafungua faili, akanionyesha mizania ya kampuni, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: wadaiwa. Hao ni watu na ofisi zilizotangaza kwenye gazeti letu na hazijalipa, nyingine tangu mwaka juzi yake. "Hawa wote wanahesabiwa kuwa ni mali yetu ya muda mfupi," akasema. "Ukiangalia karatasi, mali hizi ni karibu mara mbili ya madeni yetu. Benki wakiona wanafurahi. Lakini wewe mwenye nyumba wako atakubali umlipe kodi kwa ankara ya mtu mwingine?"

Sikuwa na la kumjibu. Ila tangu siku ile nimekuwa nikiifuatilia historia ya hiyo "mara mbili" aliyoitaja. Nani aliyesema mara mbili inatosha? Alisema lini, na kwa nini? Niliyoyakuta yanafaa kusimuliwa, maana yanamhusu kila anayelipwa mshahara, anayekopesha, au anayefikiria kununua hisa.

Habari yenyewe inaanzia Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Zamani benki ikimkopesha mfanyabiashara ilitazama zaidi jina lake. Ni mtu wa familia gani, anaaminika sokoni, aliwahi kulipa au hakuwahi. Lakini biashara zilipokua na mikopo kuongezeka, jina peke yake halikutosha. Mwaka 1895 uongozi wa chama cha mabenki cha jimbo la New York ukapendekeza kwamba anayeomba mkopo alete maelezo ya mali zake na madeni yake kwa maandishi, tena ameyatia saini.

Makaratasi yakaanza kumiminika. Sasa uyasomeje? Maofisa mikopo wakaanza kuzitenga mali mafungu mawili: zile zinazotarajiwa kugeuka fedha ndani ya mwaka mmoja (fedha yenyewe, wadaiwa, bidhaa ghalani), na zile za kukaa, kama majengo na mashine. Madeni nayo wakayatenga hivyo hivyo. Kisha wakagawanya: mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi. Jibu ndilo likawa uwiano wa ukwasi wa kwanza kujulikana, na mpaka leo ndio maarufu kuliko wote.

Kwa nini mbili? Mantiki yake ni ya mkopeshaji anayewaza mabaya. Kama mteja ana mali za dola 2 kwa kila dola 1 ya deni, basi hata mali hizo zikiuzwa kwa pupa kwa nusu ya thamani yake, deni bado linalipika. Basi. Ni kanuni ya maofisa mikopo waliotaka kulala usingizi, haikuteremka kutoka mbinguni. Lakini ilivyozoeleka, ikageuka kama amri.

Hebu tuichukue kanuni hii mpaka mtaani kwetu. Mangi ana duka pale kona. Bidhaa zilizopo rafuni zina thamani ya shilingi milioni 3. Kwenye daftari la mikopo anadai watu milioni 1. Kwenye droo ana laki 2. Jumla milioni 4.2. Kwa wauzaji wa jumla Kariakoo anadaiwa milioni 2, na wanazitaka Jumamosi. Gawanya: 4.2 kwa 2, unapata 2.1. Mangi kafaulu mtihani wa New York!

Lakini Jumamosi ni kesho kutwa. Je, ataweza kuuza rafu nzima kwa siku mbili? Hawezi. Basi tuondoe bidhaa, tubakize fedha na wadaiwa: milioni 1.2 kwa milioni 2, ni 0.6. Huu ndio uwiano wa haraka. Wamarekani waliupa jina la jaribio la tindikali, kwa kufananisha na sonara anayeidondoshea dhahabu tindikali ajue kama ni dhahabu kweli au shaba iliyopakwa rangi. Sasa ondoa na wadaiwa, maana wengine kwenye daftari lile wameshahama mtaa. Inabaki laki 2 kwa milioni 2, yaani 0.1. Huo ni uwiano wa fedha taslimu.

Umeona? Duka ni lile lile na siku ni ile ile, lakini umepata majibu matatu: 2.1, 0.6 na 0.1. Hakuna lililo la uongo. Kila moja linajibu swali lake. La kwanza linauliza: kila kitu kikiuzwa na kila mtu akilipa, madeni yatalipika? La pili: bidhaa zisipouzika je? La tatu: asipolipa mtu hata mmoja je? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: hata yenye daftari hupotea, kama anayelisoma anasoma mstari wa mwisho tu.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1919 Mmarekani Alexander Wall alichapisha utafiti wa mizania za kampuni 981. Alitumia uwiano wa aina saba, akazipanga kampuni kwa aina ya biashara na kwa maeneo, akaonyesha kwamba tarakimu zinatofautiana sana. Kilicho cha kawaida kwa kiwanda kinaweza kuwa hatari kwa muuza nguo. Kwa lugha nyingine, hiyo mbili ya kila mtu haipo. Fikiria supamaketi: mteja analipa taslimu hapo hapo, lakini aliyeleta maziwa analipwa baada ya siku 30 au 60. Supamaketi inaweza kuishi vizuri tu ikiwa chini ya 1, kwa sababu hela inaingia kila dakika. Mjenzi wa barabara anayesubiri malipo kwa miezi anaweza kuwa na 2 na bado akaishiwa.

Halafu watu wakajua kuichezea. Ujanja wake ni rahisi na wala hauhitaji uongo. Una mali za muda mfupi za shilingi 150 na madeni ya 100, uwiano wako ni 1.5. Siku moja kabla ya kufunga mahesabu, chukua fedha shilingi 50 ulipe madeni. Sasa una mali 100 na madeni 50. Uwiano umepanda mpaka 2! Hujauza hata sindano, hujapata senti ya ziada, na fedha mkononi imepungua. Baada ya mwaka mpya unakopa tena, maisha yanaendelea. Mizania ni picha ya siku moja, na siku ya kupigwa picha kila mtu huchana nywele.

Mwaka 1966 msomi William Beaver akafanya jambo ambalo naona lilipaswa kufanywa mapema zaidi. Alichukua kampuni 79 zilizoanguka, akaziweka pembeni ya nyingine 79 zinazofanana nazo ambazo hazikuanguka, akapima uwiano wa aina 30 kwa miaka mitano kabla ya msiba. Upi ulionusa hatari vizuri kuliko wote? Sio ule wa mara mbili. Ulioongoza ulikuwa ule unaolinganisha fedha inayozalishwa na biashara na jumla ya madeni. Miaka miwili baadaye, 1968, Edward Altman akatoa fomula yake maarufu ya kutabiri kufilisika kwa kuchanganya aina tano za uwiano. Ujumbe wao wote ulikuwa kwamba tarakimu moja peke yake ni shahidi dhaifu.

Kwa hiyo onyo lilikuwa limeshachapishwa. Sasa sikia kilichotokea.

Mwaka 1906 kijana mmoja, William T. Grant, alifungua duka mjini Lynn, Massachusetts. Wazo lake lilikuwa kuuza vitu vya senti 25 au chini ya hapo. Duka likazaa maduka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya W. T. Grant ilikuwa na maduka karibu 1,200 Marekani, nayo ilikuwa moja ya majina makubwa ya rejareja nchini humo. Grant mwenyewe alifariki 1972 akiwa na umri wa miaka 96, na alikufa akiiona kampuni yake imesimama.

Ilikuwa imesimama kwa miguu gani? Kampuni ilifungua mamia ya maduka mapya kwa kasi, na ili yajae wateja ikaamua kukopesha. Mteja alipewa mpaka miezi 36 kulipa, na kiwango cha chini kilikuwa dola 1 kwa mwezi. Iliripotiwa baadaye kwamba mameneja wa maduka walioshindwa kufikisha idadi ya wateja wapya wa mkopo walipigwa keki za krimu usoni mbele ya wenzao. Kwa mtindo huo, nani angekuwa na muda wa kuchunguza kama mteja ataweza kulipa?

Kwenye vitabu kila mauzo ya mkopo yalihesabiwa kuwa mauzo. Yakaleta faida. Yakaongeza wadaiwa, na wadaiwa ni mali ya muda mfupi, hata yule anayelipa dola 1 kwa mwezi. Mwaka 1973 hisa za Grant zilikuwa zikiuzwa kwa karibu mara 20 ya faida ya kila hisa, maana yake soko liliiamini.

Angalia mizania yao ya mwisho wa Januari 1974. Mali za muda mfupi: karibu dola bilioni 1.1. Madeni ya muda mfupi: karibu milioni 690. Uwiano ni kama 1.6. Sio mbili, lakini haupigi kelele. Ondoa bidhaa, zenye thamani ya karibu milioni 450, unabaki na kitu kama 0.93. Bado unaweza kujipa moyo. Sasa chungulia ndani: wadaiwa peke yao ni karibu milioni 600. Fedha? Karibu milioni 46. Uwiano wa fedha taslimu haufiki hata 0.07. Na katika yale madeni, zaidi ya milioni 450 zilikuwa mikopo ya muda mfupi.

Unaliona duka la Mangi hapo? Mimi naliona, na mizania ya gazeti letu naiona pia.

Mwaka 1974 benki zaidi ya 140 ziliungana kuikopesha Grant dola milioni 600. Mwaka wa mahesabu ulioishia Januari 1975 ukafungwa na hasara ya dola milioni 177. Tarehe 2 Oktoba 1975 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na mwaka 1976 ikafilisiwa kabisa. Miaka 70 ikaisha. Maelfu ya wafanyakazi wakaenda nyumbani. Kwa upande wa rejareja, hakuna kampuni ya Marekani iliyowahi kuanguka kwa kishindo kama hicho mpaka wakati huo.

Mwaka 1980 wasomi wawili, James Largay na Clyde Stickney, wakafukua mahesabu ya Grant na kuuliza swali dogo: achana na faida, je, shughuli zenyewe za kampuni zilikuwa zinaleta fedha? Wakakuta kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka 10 kabla ya kuanguka, shughuli za Grant zilikula fedha kuliko zilizoleta. Miaka yote ile faida ilikuwa ikitangazwa na gawio likilipwa. Pengo lilizibwa kwa kukopa. Aliyetaka kujua angeweza kujua mapema, maana tarakimu zote zilikuwa kwenye ripoti za kampuni yenyewe.

Habari kama hizi zilisaidia kubadilisha sheria za uhasibu. Mwaka 1987 Marekani ikaamuru kampuni zitoe taarifa ya mtiririko wa fedha: fedha kiasi gani imeingia, imetoka wapi, imekwenda wapi. Viwango vya kimataifa vikafuata kwa toleo jipya la mwaka 1992. Ndiyo maana leo ukifungua ripoti ya mwaka ya kampuni iliyoorodheshwa soko la hisa la Dar au Nairobi unaikuta taarifa hiyo. Mara nyingi ni ukurasa mmoja tu, baada ya picha za wakurugenzi na hotuba ya mwenyekiti. Sisi waandishi huishia kwenye hotuba.

Nasema sisi kwa sababu yametokea hapa hapa. Uchumi, supamaketi iliyoanzishwa Kenya mwaka 1975 na kuingia soko la hisa la Nairobi mwaka 1992, ilifunga milango mwanzoni mwa Juni 2006 baada ya kupanuka kwa kasi na kushindwa kuwalipa walioiletea bidhaa. Ilifufuliwa mwezi uliofuata, ikarudi sokoni, ikavuka mipaka. Oktoba 2015 ikafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Nakumatt nayo, iliyokuwa fahari ya Afrika Mashariki, ilizama kwenye madeni, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe.

Nimesema hapo juu kwamba supamaketi inaweza kuishi ikiwa chini ya 1. Ni kweli, mradi rafu zimejaa na wateja wanamiminika. Muuza maziwa akichoka kusubiri, anaacha kuleta. Rafu zinabaki na mapengo. Mteja akikuta mapengo anakwenda kwa jirani, na ile hela ya kila dakika inakauka. Kwa hiyo uwiano wa 0.8 unaweza kuwa wa supamaketi yenye afya au ya supamaketi mahututi. Tarakimu ni ile ile. Kitakachokuonyesha tofauti ni kuiangalia ikitembea mwaka hadi mwaka, na kuuliza walioleta bidhaa wanalipwa baada ya siku ngapi.

Sasa kuna watakaosema, basi uwiano huu hauna maana, tuutupe. Hapana. Mimi naufananisha na kipimajoto. Kikisema nyuzi 39 hakikuambii kama ni malaria au homa nyingine, lakini ukikitupa hutajua hata kwamba unaumwa. Kosa la karne nzima lilikuwa kuuchukua kama jibu. Uwiano wa ukwasi ni swali. Ukikuta mbili, uliza: mbili ya nini? Ya fedha, ya mashati ghalani, au ya ahadi za watu?

Siku hizi nikipewa ripoti ya kampuni nafanya mambo manne kabla sijaandika neno. Natafuta mali na madeni ya muda mfupi, nagawanya. Naondoa bidhaa, nagawanya tena. Naondoa na wadaiwa, nagawanya mara ya tatu. Kisha nakwenda ukurasa wa mtiririko wa fedha, natazama kama shughuli zenyewe zinaleta hela au zinaila, kwa miaka angalau mitatu. Inachukua robo saa na kikokotoo cha simu. Ningefanya hivyo kule gazetini nisingepiga makofi siku ile ya soda.

Gazeti lenyewe lilifungwa baadaye. Mzee wangu wa mahesabu alikuwa ameshastaafu. Mimi mishahara yangu ya miezi miwili sikulipwa mpaka leo. Kama vile vitabu bado vipo mahali, basi jina langu limo humo, upande wa madeni ya muda mfupi. Na huo muda mfupi sasa umeshakuwa miaka.

Naomba kuwasilisha.